Usiiite mkweche! Pikapu za kale zinavyotesa Iringa na Mbeya

KAMA unadhani gari la kutesea ni lazima liwe na vioo vyeusi, rimu zinazong'aa na muziki wa kupasua masikio, basi hujapata kusimama pale Ipogolo, chini kidogo ya mji wa Iringa, saa moja asubuhi, baridi inang'ata, ukaiona Peugeot 404 pikapu ikitokea upande wa Kilolo na matenga ya kabichi. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyozidi maziwa. Taa mbili za mviringo, boneti ndefu, kabini ya watu watatu waliobanana, na nyuma turubai limekazwa kwa kamba ya katani. Vijana wa chuo waliokuwa wakisubiri daladala walitoa simu wakaanza kuipiga picha. Nyuma yake kulikuwa na Prado mpya inapiga honi ipishwe njia. Hakuna aliyeitazama.

Mimi nilikuwa kazini. Mshikaji wangu mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, anakodisha magari ya harusi, na amechoka na Benzi nyeupe zenye maua ya plastiki. Anasema maharusi wa siku hizi wanataka picha zenye ladha ya enzi za babu zao. Akanikatia tiketi ya basi, akanipa posho na neno moja tu: "Nitafutie pikapu ya kale, yenye sura, isiwe kimeo. Bei tutaongea kwa simu." Kwa mtu kama mimi, ambaye tangu utotoni naizimia michuma ya zamani, hiyo haikuwa kazi. Ilikuwa likizo.

Utaniuliza, kwa nini nihangaike hadi Nyanda za Juu Kusini wakati Dar magari yamejaa hadi hayana pa kupita? Jibu ni chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma taratibu kama mchwa anavyokula mlango. Gari la miaka 50 lililozeekea Upanga au Msasani, ukiinua kapeti unaona lami. Iringa iko meta kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na kutoka Mbeya hadi baharini ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Huku bodi inachubuka, inapinda, inagongwa na mbuzi, lakini haiozi kirahisi.

Halafu kuna barabara. Nyie vijana mnaoteleza kwa lami hadi Tunduma huku mmelala, jueni kwamba barabara hii ya Tanzam imejengwa kati ya 1968 na 1973. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa kila upande, mafuta na shaba yake vikawa vinaitegemea mno njia hii. Malori yakapita usiku na mchana, mengine yakaishia makorongoni, na Wazungu wakaibatiza njia ya jehanamu. Gari lililozoea maisha yale lilikuwa limefaulu mtihani ambao Noah ya leo ingeshindwa karatasi ya kwanza. Mlima Kitonga peke yake ulikuwa unachuja. Wazee watakwambia jinsi magari yalivyokuwa yakichemsha katikati ya kona, utingo anaruka na jiwe la kuweka nyuma ya tairi, dereva anatafuta maji.

Na kuna sababu ambayo haipendezi kuisema kwenye ukurasa wa starehe: umaskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Petroli ilikuwa ya kubembeleza, na Jumapili ikifika saa 8 mchana huruhusiwi kuendesha gari bila kibali. Spea hakuna. Ukiwa na pikapu, unaitunza kama mboni ya jicho kwa sababu hutapata nyingine. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye dola zao kuagiza bidhaa, pikapu za Kijapani zikaingia kwa fujo, Toyota Stout, Hilux, Datsun, na nyingine zikafungwa mabenchi mawili ya mbao zikawa daladala. Abiria wanatazamana, magoti yanagongana, wajanja wakaziita chai maharage. Kama mama yako alikutana na baba yako miaka hiyo, usishangae ikiwa ni humo humo.

Wa Pijo

Nirudi Ipogolo. Ile 404 niliifuata kwa bodaboda hadi sokoni. Mwenyewe ni mama wa makamo, muuza mbogamboga, amejifunga kitenge juu ya koti zito la mtumba. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia mimi ni wa nne mwaka huu.

"Itazame kwanza, mwanangu," akasema. "Usije ukanunua macho."

Tukaitazama. Peugeot 404 ilianza kuuzwa 1960, na umbo lake lilichorwa na kiwanda cha Pininfarina cha Italia, hawa hawa waliokuwa wakichora Ferrari. Ndiyo maana hata ikiwa na kinyesi cha kuku ubavuni bado inakaa kama mtu aliyevaa suti. Ya pikapu ilikuja mwaka 1967. Injini yake wameilaza upande, nyuzi 45, ili boneti ishuke chini. Gia haziko sakafuni. Ziko kwenye shingo ya usukani, unavuta kwa vidole kama unakoroga uji. Na hapa Afrika Mashariki iliheshimika kwa vitendo, si kwa matangazo. Kati ya 1963 na 1968, mashindano ya East African Safari ilishinda mara nne, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, walioishika walikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliokuja na bendera ya Tanzania. Mwaka 1968 magari zaidi ya 90 yaliondoka, yakarudi 7. La kwanza, 404.

Fundi niliyemchukua pale sokoni akalala chini, akatoka na tope usoni na tabasamu. Chasisi nzima. Springi za nyuma zimeongezwa majani mawili. Kabureta imefungwa na waya lakini inapumua. Nikashika simu kumpigia mtu wa Sinza. Mama akanizuia mkono.

"Kadi," akasema, "iko kwa jina la marehemu."

Hapo ndipo ilipogota. Mumewe aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akilima tumbaku, kabla hajafunga shamba na kwenda kwao. Amefariki, mirathi haijakwisha, na mashemeji wawili wameshaanza kuigawa kichwani, mmoja anataka injini, mwingine anataka thamani yake kwa fedha. Mama ndiye anayeifanyia kazi kila siku ya Mungu, lakini hana ruhusa ya kuiuza wala hana uhakika kama mwakani itakuwa yake. Akisimama kuiosha Jumamosi wanamwona anajipendekeza kwa mali.

Msomaji, kama nawe unaitafuta ya kwako, lichukue hili. Watu wanakimbilia kutazama rangi na kusikiliza injini. Anza na kadi. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Magari haya mengi yalisajiliwa kwa namba za zamani za TZ kabla ya hizi zinazoanza na T na kumalizia kwa herufi tatu, na mengine hayakuwahi kubadilishwa kwa sababu yalikuwa juu ya mawe siku zote hizo. Afadhali yale madeni ya leseni ya barabara ya kila mwaka hayaongezeki tena, ada ile ilifutwa 2017. Lakini gari lenye kadi ya marehemu na ukoo usioelewana, hata likiwa zuri kama bibi harusi, liache. Nikaliacha. Mama akanipa kabichi mbili za njiani.

Tuelekee Mbeya

Iringa hadi Mbeya ni kilomita kama 330, na sitawachosha na maelezo ya misonobari ya Sao Hill, kila mtu anaisimulia. Mafinga tukanywa chai. Makambako upepo ukatupekua hadi kwenye soksi. Baada ya Chimala milima inasogea karibu upande wa kushoto, na hapo nilianza kuhesabu Land Rover kuukuu zinazotokea kwenye njia za vumbi. Nilipofika Uyole zilikuwa 11, tatu zikiwa pikapu. Nyingine zilikuwa nyumba za kuku.

Kijana wa mjini ukimtajia pikapu ya Land Rover anafikiria difenda ya polisi, anaangalia mlango wa kutokea. Ngoja nimweleze ukoo wake. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, Uingereza chuma kilikuwa kwa mgawo, ndipo wakatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Hakuna aliyepanga idumu miaka 70, ilikuwa ni shida tu ya wakati ule. Ila shida ile ndiyo imeifanya isioze. Kinachooza ni chasisi, hiyo ni chuma cha kawaida.

Ile ndefu inaitwa 109 kwa sababu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 109. Zilianza mwishoni mwa enzi za Series I, mwaka 1956. Ukitaka kujionesha mjuzi mbele ya washikaji, tazama taa. Zikiwa zimebanana katikati, karibu na wavu wa rejeta, kama macho ya mtu anayekusoma, hiyo ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa zimehamia pembeni kwenye mabega, ni ya baadaye. Kisha chungulia ndani. Geji zikiwa katikati ya dashibodi, ni Series II. Zikiwa mbele ya dereva, ni Series III, iliyoanza 1971. Baadaye, 1983, ikaja 110, ndiyo ikapewa jina la Defender mwaka 1990, na ya mwisho ya ukoo ule ikatoka kiwandani Solihull Januari 29, 2016.

Mwaka huo huo kampuni yenyewe ikaanza kununua Series I chakavu, kuzifanya upya na kuziuza, na bei ilianzia kama pauni 60,000. Hebu ibadilishe hiyo kwa shilingi mwenyewe, mimi nilipofika kwenye mamilioni mia na ushee nilifunga kikokotoo. Marekani gari likishafikisha miaka 25 masharti ya kuliingiza yanalegea, kwa hiyo matajiri wa kule wanayasaka dunia nzima. Hapa kwetu upepo nao umeanza. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, magari zaidi ya elfu moja yakajipanga barabarani, nia ikiwa kuipiku rekodi ya Ujerumani ya 2018 iliyokuwa 632. Nilizitazama picha zile nikaona nyuso za wazee waliozoea kuchekwa na watoto wao kwa ajili ya mikweche ile. Siku ile walikuwa wanachekelea wao.

Basi nikatua Mbeya nikiwa na hizo hesabu kichwani, na asubuhi yake fundi mmoja wa Mwanjelwa akanipeleka kwenye ua wa vyuma chakavu akidai kuna 109 nzuri. Ilikuwepo kweli. Ilikuwa nusu. Mlango wa nyuma, mabawa ya mbele na paa vilikuwa vimeshakatwakatwa kwa shoka na kutupwa kwenye mzani, na kijana aliyeshika shoka alikuwa anapumzika juu ya boneti anakula mihogo. Nikamuuliza bodi inakwenda wapi.

"Sufuria, bro," akajibu. "Alumini ya Land Rover inatoa sufuria safi sana."

Anasema kweli. Wafua sufuria wa mitaani wanayeyusha alumini yoyote wanayoipata, wanaimwaga kwenye kalibu za mchanga, na wiki ijayo unapikia wali. Kwa mwenye ua ule gari zima lilikuwa na thamani ya kilo zake basi. Nikauliza alilinunua kwa kiasi gani. Akanitajia bei ya ng'ombe wawili wa kawaida. Mimi si mtu wa kulia hadharani, lakini ile chasisi nilipoipiga kwa ufunguo ililia kama kengele. Ilikuwa nzima kabisa. Taa zake zilikuwa zimebanana katikati.

Jioni nilifarijika kidogo pale Soweto. Kuna kijana ana Datsun 1200, ile pikapu ndogo iliyoanza kutengenezwa 1971, kaipaka rangi ya ndizi mbivu, kaishusha chini, kaifunga rimu za mitumba. Bomba ile mbaya! Akipita Kabwe kila bodaboda inampigia honi. Ila ukifungua boneti unakuta injini ya Toyota, gia boksi ya Nissan, na rejeta ambayo hata yeye hajui ilitoka kwenye nini. Wataalamu wa magari ya kale watakwambia limeshaharibika, halina thamani, si halisi. Mimi nakataa. Huku halisi ni lile linalotembea. Wale wanaohifadhi kila nati ya kiwandani wana duka la spea mtaa wa pili, sisi tuna Mwanjelwa na akili. Kijana mwenyewe lakini haliuzi, na nilipomtajia maharusi wa Dar alicheka akasema anao wake, kila Jumamosi, hadi kamati za harusi zinagombana tarehe.

Viazi kwanza

Fundi wa Mwanjelwa akaona nimenyong'ea, akanitajia mzee mmoja wa Isyonje. Kwa asiyejua, Isyonje ni pale unapoacha barabara ya Tukuyu kuelekea Kitulo na Makete, mvua haina msimu, ukungu unatembea barabarani kama mwenye shughuli zake, na viazi mviringo ndiyo dhahabu. Nikapanda Noah kutoka Uyole tukiwa abiria kumi na moja na jogoo.

Nilimkuta mzee anatoa udongo kwenye springi kwa kijiti. Msomaji, sijui nianzie wapi. 109 pikapu, kijani ya zamani iliyofifia hadi ikawa kama rangi ya jani la mgomba lililokauka, taa zimebanana katikati, geji katikati, tundu la hendeli kwenye bampa bado lipo na hendeli yenyewe iko nyuma ya kiti. Paa la kabini lina kovu la tawi la mti. Injini ni ile ile ya petroli ya lita 2.25 iliyozaliwa nayo, inakunywa kama mtumishi siku ya mshahara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyetoka Dar kuja kuitazama hii?"

"Ndiyo mzee. Kuna rafiki yangu anaitaka."

"Ya kubebea nini?"

"Maharusi."

Alicheka hadi akakohoa. Alipotulia akauliza maharusi wana uzito gani.

Tukakaa kwenye gogo. Aliinunua kwa misheni mwaka 1978, analikumbuka vizuri kwa sababu mwaka uliofuata tulikuwa vitani Uganda na mafuta yakaadimika, ikakaa bandani miezi. Imezika watu, imekimbiza wajawazito hospitali usiku, imeleta mabati ya shule. Kadi ipo, jina lake, aliichomoa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshakuja mara mbili. Wa mwisho alikuja na mzani wake.

Na shida ya fedha anayo. Mjukuu wake wa kike anasoma uuguzi, ada ya muhula haijakamilika, viazi msimu uliopita vilishuka bei hadi vikaliwa na nguruwe. Nikatoka pembeni nikampigia mtu wa Sinza. Nikamtumia picha. Kimya cha dakika moja, kisha akataja kiasi ambacho sikukitarajia, zaidi ya mara nne ya kile ambacho wa chuma chakavu walikitoa. Nikamrudia mzee nikamwambia. Akakirudia kiasi kile polepole kama anayekionja. Pembeni yetu alikuwa amesimama mjukuu mwingine, wa kiume, fundi mdogo wa Uyole, overoli lina mafuta, hajasema neno tangu nifike.

"Babu," akasema, "ukiiuza mimi sirudi kufanya kazi huku."

"Na ada ya dada yako utalipa wewe?"

Kijana hakujibu. Akachukua spana akaingia chini ya gari.

Nikiwa mkweli, nilimtamani mzee akubali, nami nilitamani akatae. Kwa bei ile ada ingelipwa miaka miwili na chenji ingebaki. Tena asinidanganye mtu kwamba pikapu ikienda Dar imekufa. Ingepakwa rangi, ingefutwa kila asubuhi, isingeona tena tope la magoti. Ukilinganisha na lile shoka la Mwanjelwa, hayo ni maisha ya peponi. Ila wakati mzee anafikiri, walikuja akina mama watano na magunia kichwani na mgongoni, wakayabwaga nyuma ya pikapu bila hata kuuliza kama inaondoka. Ni siku ya kupeleka Uyole. Nikauliza kwa nini wasitumie kirikuu, maana tangu asubuhi nilikuwa nimeona tatu zikipita barabarani.

"Hiyo inaishia lamini," mmoja akanijibu. "Mvua ikinyesha kule juu shambani, kirikuu inakaa kama kuku ametaga. Hii ya babu inafika mlangoni."

Mzee akasimama, akajipangusa udongo.

"Mwambie rafiki yako nimeshukuru, fedha yake ni nzuri," akasema. "Lakini sasa hivi siwezi. Viazi hivi vikishuka, na vya jirani vikishuka, tutahesabu. Ikishindikana ada, nitampigia mwenyewe. Mwachie namba huyu kijana."

"Nimwambie lini, mzee?"

"Mwambie awalete maharusi wake huku. Nitawabeba, wakae juu ya magunia."

Yule kijana akacheka huko chini ya gari. Mara ya kwanza kumsikia. Akatoka, akaandika namba ya Sinza kwenye mlango kwa chaki, chini ya orodha ya madeni ya magunia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli watu wanalipa fedha kupigwa picha tu na gari. Nikamweleza habari za Datsun ya Soweto na kamati zinazogombana tarehe. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa wosia. Akauliza wanalipa nusu siku au siku nzima, na kama rangi ya sasa inafaa au aipulize upya. Nikamwambia akigusa rangi ile nitarudi kumshitaki kwa babu yake. Jumamosi huwa hakuna viazi, akasema, akijisemea mwenyewe.

Magunia yalifika 14. Ikagoma kuwaka kwa ufunguo, betri baridi, mzee akavuta choki na kijana akachomeka hendeli. Mzunguko wa kwanza kimya. Wa pili ikapiga chafya. Wa tatu ikanguruma, moshi ukamezwa na ukungu, na akina mama wakapanda juu ya magunia wakiendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabini ilikuwa imejaa, mzee, bibi mmoja mgonjwa wa miguu na kapu la mayai. Nikapanda juu na wenzangu. Ile miteremko ya kuingia Uyole, springi zinalia, upepo unakata masikio, madereva wa malori ya Malawi wanatupungia mikono, wewe acha tu.

Mtu wa Sinza alipiga simu mara tatu njiani, sikuisikia. Uyole nikaruka chini, nikamlipa kijana nauli kama abiria wengine, naye akanirudishia chenji kamili.